Nilitafsiri Kuondoka Kwake

"Mwambie," alisema meneja mkuu wa timu.

Niligeuzageuza kalamu vidoleni.

"Bi Générose, tafadhali. Hatuna muda."

Brice alikuwa ameketi kando yangu, magoti yamempanda karibu na kifua, maana viti vya ofisi ile havikutengenezwa kwa mtu wa futi sita na inchi kumi. Alikuwa ametoka mazoezini sasa hivi. Taulo shingoni, jasho kwenye nyusi, na lile tabasamu lake la upande mmoja ambalo lilikuwa likinikosesha usingizi tangu Krismasi.

"Anasema nini?" aliniuliza kwa Kifaransa. "Nimeingia kikosi cha kwanza, siyo? Ndiyo maana wametuita?"

Mungu wangu, ningeanzia wapi?

Nilikuwa mkalimani wake kwa miezi minne. Kazi yenyewe niliipata kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Mimi binti wa Bukavu, miaka ishirini na minne, nasomea uuguzi, naishi na baba yangu ghorofa ya tisa, mtaa wa Parkdale, Toronto, nilikuwa natafuta kibarua cha kufanya baada ya masomo. Tangazo lilisema timu ya mpira wa kikapu ya jiji imemleta mchezaji kutoka Liège, Ubelgiji, naye hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Anatakiwa mtu wa kumsaidia. Nilipiga simu. Mpira wa kikapu sikuujua hata kidogo, lakini Kifaransa nilikinyonya kwa masista, na Kiingereza nilikuwa nimekipata Toronto kwa miaka mitatu ya shida.

Huko kwao Brice alikuwa mfalme. Miaka sita mfululizo Wabelgiji walimchagua kuwa mchezaji wao bora. Hapa alikuta mchezo mwingine kabisa wenye jina lile lile. Kwao timu ilicheza mara moja au mbili kwa wiki, mpira ukazunguka mikono yote mitano kabla mtu hajarusha. Hapa walicheza mechi nne kwa siku tano, wakilala kwenye ndege, na mchezaji mmoja akichukua mpira wengine husogea pembeni wakamtazama. Hatua yake ya kwanza, ile iliyowapeleka mabeki wa Ulaya njia isiyo sahihi, huku marefa walipuliza filimbi: ametembea na mpira. Na mtu akimpiga kumbo la ubavuni mpaka anaanguka, marefa hao hao walitazama paa.

Wenzake walimwita laini. Aliniuliza neno hilo maana yake nini.

"Wanasema una mikono laini," nilimjibu. "Ya kurushia mpira vizuri."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Géné, wewe ni mkalimani mbaya sana," alisema. "Na una roho nzuri sana."

Tangu siku ile nilianza kuyaogopa macho yake, kwa kuwa yalijua kunisoma.

Usiniulize mengine yalikuaje. Alikuwa akinirudisha nyumbani kwa gari lake baada ya mazoezi. Tukaanza kuchelewa kushuka. Siku moja theluji ilianguka mpaka ikafunika kioo chote cha mbele, tukabaki mle ndani kama watu waliofungiwa chumbani, akanishika mkono, wala sikuuondoa. "Nisipocheza mechi sisikitiki tena," aliniambia. "Najua utakuwa umekaa nyuma yangu." Nilimwambia asiseme upuuzi, na moyo wangu ukimwomba aurudie.

Baba alipojua, ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, tunakula.

"Muzungu?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Wa wapi?"

Hapo nilikohoa. "Wa Liège."

Papa Évariste aliweka kijiko chini. Baba yangu si mtu wa kelele. Anafanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha plastiki, analala mchana, na tangu Maman alipofariki amekuwa akiongea na mimi na Mungu basi. Aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Shangazi yako Dorotea alizaa na nani?"

"Papa, hiyo ni habari ya zamani."

"Alizaa na nani?"

"Na Mbelgiji wa shamba la kwinini."

"Alimwambia anakwenda Liège miezi mitatu tu. Mtoto akaota meno. Mtoto akaanza shule. Dada yangu kila akisikia ndege anatoka nje kuangalia." Akainuka. "Mimi sina la kumsema kijana yule, simjui. Lakini asikanyage hapa."

Kwa hiyo Brice hakukanyaga. Aliniacha mlangoni mwa jengo, kila siku, nami nikapanda lifti nikiwa na harufu yake kwenye skafu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinipita kichwani katika ofisi ile, asubuhi ya Februari, mwaka 1997. Na jambo moja zaidi, baya kuliko yote: mimi habari ile nilikuwa nayo tangu saa tatu. Meneja aliniita kabla ya mazoezi, akanieleza ili nijiandae na maneno, akaniapisha nisimwambie mtu mpaka timu hizo mbili zipigiane simu ya mwisho ya makubaliano. Nikaenda kukaa kwenye benchi. Nilimtazama Brice akifanya mazoezi kwa saa moja na nusu. Siku ile mikono yake ilikuwa na baraka, alifunga mitupo mitano ya mbali mfululizo, na baada ya wa tano akageuka akanionyesha kidole, kama kusema huo wako. Niliinamisha uso nikajifanya natafuta kalamu.

"Bi Générose," alisema meneja kwa mara ya tatu.

Nikavuta pumzi.

"Brice," nilisema kwa Kifaransa. "Wamekubadilisha na mchezaji mwingine. Unakwenda timu ya Texas. Ndege yako ni saa kumi na moja jioni."

Tabasamu lilibaki pale pale usoni, halikujua pa kwenda.

"Kesho?"

"Leo."

"Hapana. Umesikia vibaya. Muulize tena."

Nikamuuliza meneja tena, ingawa nilijua. Akajibu yale yale, kwa upole, akitazama saa yake.

"Leo," nilimwambia Brice.

"Sawa. Sasa muulize, wanataka niwajibu lini? Nahitaji siku mbili za kufikiri. Nataka kumpigia mama."

"Brice, hawaulizi."

"Hawaulizi nini?"

"Hawaulizi kama unataka. Imekwisha. Huku ndivyo inavyokuwa. Mkataba wako umekwenda Texas, na wewe unaufuata."

Alicheka. Kicheko kifupi, kikavu, mpaka meneja akashtuka. "Kwetu klabu ikitaka kukuuza unakaa nayo mezani," alisema. "Unakataa. Unakubali. Mimi nimekataa mara mbili! Mtu si mfuko wa mipira." Uso wake uligeuka mweupe kama karatasi, jasho likiwa bado linamtiririka. Alitazama mikono yake, akatazama ukuta, na mwisho akanitazama mimi. Nikaona kitu kinabadilika katika yale macho.

"Wewe hukushtuka," alisema.

"Brice..."

"Nimekuangalia alipokuwa anaongea. Hukushtuka hata kidogo. Ulijua."

"Tokeni mkaongee nje," alisema meneja, ambaye hakuhitaji mkalimani kuelewa.

Kwenye korido aliegemea ukuta, akauficha uso kwenye taulo.

"Tangu lini?"

"Tangu saa tatu asubuhi. Waliniapisha."

"Saa tatu!" Aliondoa taulo. "Nilikuwa nafunga viatu, ukaja ukanisalimu. Nilikuambia Jumamosi twende tukaangalie ile nyumba karibu na ziwa. Ukaniambia ndiyo, twende. Uliniambia ndiyo, Géné!"

"Ningekuambia nini? Ningekuambia nini mbele ya watu wote?"

"Ukweli."

"Ningepoteza kazi."

"Na mimi je, umenipoteza au hujanipoteza?"

Nilinyoosha mkono nimguse, akarudi nyuma. Hatua moja tu, lakini mimi niliona kama amekwisha kuvuka mpaka. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo. Mlango ukajifunga taratibu nikiuangalia.

Nilirudi nyumbani kwa tramu nikiwa nimesimama, ingawa viti vilikuwepo. Watu walipanda wakashuka, mimi nikapitiliza kituo changu, ikabidi nirudi kwa miguu kwenye barafu. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani, bado anatafuta limetoka wapi.

Baba alikuwa ameamka, anachemsha chai. Alinitazama mara moja tu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Papa. Brice anaondoka. Leo. Timu imempeleka Texas."

Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Alimimina chai kikombe cha pili akakisukuma mbele yangu, na ule wema ndio ulionivunja. Nililia palepale mezani, na koti mwilini, viatu vimejaa theluji.

Saa nane kasoro, mlango uligongwa.

Baba alifungua. Alitazama kifua, kisha akainua shingo juu, juu zaidi, mpaka akaufikia uso. Brice alikuwa amevaa suti ya safari, begi begani, kofia mkononi. Chini barabarani teksi ilikuwa inamngoja, injini inanguruma.

"Bonjour, monsieur," alisema Brice.

Baba yangu alisoma kwa mapadri. Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu. Lakini aligeuka kwangu.

"Anasema nini huyu?"

"Papa, umesikia. Anakusalimu."

"Leo sisikii Kifaransa. Wewe si ndiyo kazi yako? Mwambie aketi, asije akavunja taa yetu."

Brice aliinama akapita mlangoni, akaketi kwenye kochi. Mimi nilisimama katikati yao na macho yamenivimba. Hakuniangalia mara moja. Alipoinua macho, hasira ilikuwa imemwisha yote. Kilichobaki ni uchovu, na lile penzi.

"Mwambie baba yako kwamba nimekuja kukuomba radhi wewe kwanza," alisema. "Nilikulaumu kwa kosa la watu wengine. Nimefunga begi dakika kumi, nikaona kwamba kitu pekee ninachokiacha Toronto ni wewe."

Nilitafsiri. Baba alikoroga chai isiyo na sukari.

"Muulize atarudi lini."

"Sijui," alijibu Brice. "Sijui hata leo nitalala kitanda gani. Asubuhi niliamka nikidhani naishi hapa. Nilikuwa na maziwa kwenye friji."

Nilipotafsiri hilo, baba aliacha kukoroga. Akamtazama kijana yule vizuri kwa mara ya kwanza.

"Mwambie," alisema polepole, "sisi pia tulitoka Bukavu asubuhi moja. Maharage yalikuwa jikoni yanachemka."

Nilimwambia, nao wakatazamana. Hakuna aliyenihitaji kwa muda kidogo. Kisha Brice alisogea ukingoni mwa kochi, akaweka kofia yake sakafuni, akasema sentensi moja kwa Kifaransa, fupi, iliyonyooka.

"Amesema nini?" aliuliza baba.

"Papa, umesikia."

"Nimemuuliza mkalimani."

Mkalimani hasemi "amesema". Anasema kana kwamba yeye ndiye mwenye maneno. Ndivyo nilivyofundishwa. Nikamtazama baba yangu machoni.

"Naomba kumuoa binti yako," nilisema.

Kikombe kilitua mezani kwa kishindo.

"Mwambie dada yangu alimngoja Mbelgiji mpaka nywele zikageuka nyeupe."

Nilimwambia.

"Mwambie mimi sitaki aningoje," alisema Brice. "Nataka aje nami. Teksi iko chini."

"Leo?" niliuliza.

"Leo!"

"Non, monsieur!" Baba alikuwa amesimama, na Kifaransa kikamtoka chote, na sarufi yake na heshima zake, kikali kama kisu. Binti yake si begi! Binti hachukuliwi na teksi! Brice naye akasimama, kichwa kikakaribia dari, akijibu kwamba yeye si mtu wa shamba la kwinini, yeye ana jina, ana mama, mama yake anaishi barabara fulani nyumba namba fulani, aandike! Walibishana juu ya kichwa changu kama ndege wawili, wala hakuna aliyekumbuka kwamba nipo.

"Basi!" nilipiga kelele.

Wakageuka kunitazama.

"Ketini. Wote wawili."

Wakaketi. Nilisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kila sentensi mara mbili, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Brice, nakupenda. Papa, umesikia? Nampenda. Sijawahi kuwaambia hivyo kwa sababu niliogopa, na leo nimechoka kuogopa."

Baba alitazama sakafu.

"Lakini siingii kwenye ndege leo. Nina mtihani wa uuguzi mwezi wa sita. Karatasi zangu za ukimbizi hazinivushi mpaka. Na hata zingenivusha, Brice, nisingekwenda. Nilishatoka nyumbani kwetu mara moja nikikimbia, bila kuaga mtu, na nguo nilizovaa. Sitatoka hivyo tena. Nikitoka nyumba ya baba yangu nitatoka nimeagwa, nimeimbiwa, na sanduku langu nimelipanga mwenyewe."

"Géné..."

"Nenda ukacheze. Mwezi wa sita ligi imekwisha. Njoo na mama yako, mketi kwenye kochi hili, muombe kama watu. Papa atawajibu. Mimi jibu langu unalo."

Nilidhani atabisha. Aliniangalia tu, kwa muda ambao teksi ilipiga honi mara mbili, na yale macho yalisoma kila kitu, mpaka chini kabisa.

"Na wakinihamisha tena kabla ya hapo?" aliuliza.

"Utanipigia simu kutoka huko watakakokupeleka."

"Na baba yako akisema hapana?"

"Mwezi wa sita," alisema baba kwa Kifaransa, akiwa bado anatazama sakafu, "nitakuwa na likizo wiki mbili."

Brice aliokota kofia. Hakunikumbatia, alijua nyumba aliyomo. Aliishika mikono yangu yote miwili, akaibana kwenye midomo yake, na nilihisi pumzi yake inakatika kama ya mtoto anayezuia kilio. Baba aligeukia dirishani akaanza kusoma kalenda ya kanisa kana kwamba ameiona leo. Kisha Brice akainama mlangoni, akatoka. Nilisikia lifti inakuja. Nilisikia inashuka.

Sikwenda dirishani. Nilivua koti langu, hatimaye, nikalitundika. Nikafuta maji ya theluji niliyoyaacha sakafuni. Mikono ilikuwa bado inawaka pale aliponishika.

Baba alikunywa chai yake iliyopoa.

"Huko Texas," aliuliza mwisho, "kuna baridi kama hapa?"

"Hapana, Papa. Wanasema kuna joto kali."

Aliwaza jambo hilo. Alitazama makoti yetu mazito yaliyotundikwa mlangoni, langu na lake.

"Basi itabidi ununue magauni mepesi," alisema, akaenda kulala.